Siku Niliyompa Waziri Mgongo

Watu wa hapa Mabanga wamenicheka mpaka wamechoka, sasa wacha niseme mwenyewe: ni kweli, nilimpa Waziri wa Leba mgongo mbele ya Kitale nzima.

Mjukuu wangu Nekesa alikuwa Arabuni kwa kazi ya nyumba, na tajiri wake alikuwa amemnyang'anya pasipoti, hataki arudi. Nikasikia kwa redio ati Waziri anakuja Kitale kusikiza wananchi, nikatafuta mtu akaniandikia barua ya kumwombea Nekesa kwa Waziri, nikajifunga leso yangu ya maua mekundu, nikaenda nikakaa kiti cha mbele kabisa (kilikuwa kimeandikwa ni cha wageni, lakini mimi na kusoma hatujuani sana). Hicho kiti ndicho kiliniua.

Waziri akaanza kusalimia watu wa mbele, mmoja mmoja, na kando yake mtu wa kushika maiki. Kuinua macho, ni Wanjala! Bwana wa kitinda mimba wangu! Na kwetu Wabukusu mama mkwe na mkwe hawatazamani, hata njiani mmoja anaingia kwa mahindi mwingine apite. Sasa pale uwanjani niingie mahindi gani? Nikageuka, nikakumbatia kiti, nikajifunika leso kichwa chote, na hapo nikasikia maiki ikianguka puu! (Wanjala naye alikuwa ameruka nyuma ya spika. Huyo ana adabu.)

"Kukhu amegomea serikali!" kijana mmoja akapiga kelele (kukhu kwetu ni nyanya), watu wakashangilia.

"Mama, tumekukosea nini?" Waziri akauliza.

"Si wewe," nikajibu ndani ya leso. "Ni huyo mkwe wangu. Mwambie aende mbali, bana!"

Kumbe maiki iko miguuni pangu na bado inasikia. Uwanja ukapasuka kwa kicheko, hata askari. Lakini Nekesa bado yuko kwa watu, na barua bado iko mkononi, basi nikaipitisha juu ya bega, nyuma nyuma, nikasema kwa ukali, "Soma saa hii. Si kesho."

Waziri akasoma hapo hapo.

Picha ya mgongo wangu ilizunguka kwa simu mpaka ikafika Arabuni, tajiri akaona aibu, akarudisha pasipoti. Leo Nekesa yuko jikoni kwangu, anasonga ugali, na ndiye anayenicheka kuliko wote. "Kukhu, mgongo wako ndio umenirudisha."

Sitaki kusikia. Tangu siku hiyo siketi mbele popote, hata kanisani, kabla sijauliza ni nani atashika maiki.