Nilivyosimama peke yangu kupinga kifaa cha kusoma magari yetu hapa Dallas

Wakuu, poleni na majukumu.

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Nimebadilisha majina tu. Mengine nayaandika kama yalivyokuwa.

Mwaka 2019 nilikuwa naishi Cedar Hill, kusini mwa Dallas, umri hamsini kasoro. Natengeneza magari kwenye gereji ya nyumba yangu. Wateja wangu wengi ni Watanzania na Wakenya wa chama chetu cha madereva. Baadhi wanabeba abiria, baadhi wanapeleka wagonjwa kliniki, na tuna wenzetu Houston pia.

Wote wananiita Injinia.

Ukweli ni kwamba sijawahi kusomea uinjinia. Nimejifunza kwa vitabu vya mitumba, na kwa kuchora kila kitu kwenye daftari kabla sijakifungua. Magari ya zamani niliyamudu. Haya mapya yenye kompyuta kila kona yakaanza kunishinda.

Basi nikajiandikisha chuo kimoja upande wa Richardson. Darasa la wanaoanza, umeme wa magari, kila Jumamosi asubuhi, nimekaa na vijana wa umri wa binti yangu.

Watu niliwaambia nina mteja Richardson. Niliogopa. Nani atamletea gari Injinia anayesoma darasa la wanaoanza?

Sasa mwenyekiti wetu, nimwite Bakari, mtu wa Mombasa, mchapakazi na mcheshi, akaleta hoja. Kila mwanachama afunge kifaa kidogo chini ya usukani. Kifaa kinasoma hitilafu za gari na kuzituma kwenye app moja, na fundi yeyote wa chama anaziona. Gari likizima Houston, fundi aliyeko Dallas anajua tatizo papo hapo.

Mimi nilishangilia. Fundi mdogo anateseka sana kupata taarifa za magari mapya, na mwenye gari anaishia kurudi kwa dealer. Nikajitolea kukijaribu kwenye gari langu wiki tatu.

Hitilafu kilizisoma vizuri, hilo sikipunji.

Lakini wiki ya tatu nikafungua ukurasa ambao sikuwa nimeugusa. Ni ramani. Kila safari yangu, kila nilipoegesha, na kwa muda gani. Jumamosi tatu, saa tatu hadi saa sita, nukta ileile: parking ya chuo.

Na password ya app ilikuwa wapi? Kwenye group la WhatsApp la chama. Tunajuana, wakuu. Group lile lina mpaka shemeji wa mtu aliyeko Mwanza.

Nikampigia Bakari.

"Injinia, una nini cha kuficha?" akacheka. "Mimi nionwe tu. Nikitoka nyumbani ni kazini, nikitoka kazini ni msikitini."

"Na wanaobeba wagonjwa? Ramani inaonyesha hadi nyumba za wagonjwa."

"Basi pinga mkutanoni, ndugu yangu. Kura itaamua."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Chama chetu hakina kura ya siri. Wakenya walituletea mlolongo: anayeunga mkono anapanga foleni nyuma ya mwenye hoja, anayepinga anapanga nyuma ya mpingaji. Na mpingaji anatangulia kusimama mbele ya wote na kujieleza.

Mkutano ulifanyika Mansfield, Jumapili mchana, baada ya pilau. Bakari akasimama karibu na mlango, foleni yake ikafika jikoni. Mimi nikasimama dirishani. Nyuma yangu kulikuwa na pazia.

"Injinia, foleni yako imekwama jam ya wapi?" mmoja akapaza sauti.

Nikaeleza habari ya wagonjwa. Vichwa vikatikisika kukubali, miguu haikusogea.

"Anaogopa mafundi wenzake watamnyang'anya wateja!"

Wakacheka. Nilikuwa na karatasi mfukoni, nimeichapisha nikiomba nisiitumie. Nikaitoa.

"Hii ni ramani ya gari langu. Jumamosi asubuhi niko wapi?"

"Si Richardson, kwa yule mteja wako?" akajibu Mama Neema, anayebeba wagonjwa wa kusafishwa figo. "Huyo mteja gari lake haliponi?"

"Hakuna mteja. Ni chuo. Nasoma na wanaoanza, mwezi wa pili sasa. Sikutaka mjue. Leo nimewaambia kwa mdomo wangu, lakini hiki kifaa kingewaambia kabla sijawa tayari. Kila mmoja humu ana Richardson yake."

Nikaikunja ile karatasi. Nikasema moyoni, biashara imekwisha.

Kisha Mama Neema akapiga makofi mara moja. "Kumbe! Ndiyo maana siku hizi gari langu linapona safari moja. Zamani nilikuwa nalileta mara tatu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mimi nikiwemo. Akachukua pochi yake, akaja kusimama nyuma yangu. Akafuata dereva mwingine, akiangalia chini. Sikumuuliza sababu yake, na mpaka leo siijui.

Wengine wakahama mmoja mmoja, na hoja ikaanguka kwa tofauti ya watu wachache tu.

Bakari hakununa. "Umenishinda kwa kuungama," akasema, na siku hiyohiyo tukakaa kuandika hoja mpya. Tulichagua kisomaji cha kawaida kisicho na ramani wala app ya pamoja. Mwenye gari anakichomeka, anapiga picha ya code ya hitilafu, anamtumia fundi anayemtaka yeye. Wenzetu wa Houston wakanitumia picha wiki ileile.

Sitawadanganya, wateja wawili walihama. Hawajarudi.

Lakini muhula uliofuata, Ijumaa mchana, Bakari alinipigia: "Fundi, mimi na Mama Neema tumejiandikisha. Tuwekee viti vya mbele."

Nilichojifunza: taarifa za gari lazima zimfikie fundi, na hilo nitalitetea siku zote. Lakini ufunguo ubaki kwa mwenye gari. Na ukiletewa kitu kizuri, fungua kurasa zote kabla hujapanga foleni.

Wenye uzoefu na vifaa hivi, hasa mafundi, nikosoeni hapa chini. Bado nasoma.

Jumamosi ile niliegesha katikati ya magari mawili ninayoyajua. Hakuna ramani iliyoniambia yatakuwa pale. Wenyewe waliniambia.