Majani ya Kezia

Asenath alifanya kazi katika maabara ya chuo kimoja jijini, akipima dawa za uvimbe kwa panya weupe. Panya alidungwa sindano ya kuvimbisha unyayo, akanyweshwa dawa, kisha unyayo ukapimwa kila saa.

Mamake, Kezia, aliielewa kazi hiyo. Nyuma ya jiko lao katika mtaa wa Kaloleni aliotesha kichaka kimoja, na majirani wenye magoti yaliyovimba walikuja kunywa kikombe cha majani yake yaliyochemshwa.

"Siku moja unipimie haya," alimwambia bintiye. Asenath akaahidi. Miaka minne ikapita, Kezia akafariki.

Baada ya mazishi Asenath alikwenda nyuma ya jiko, akakuta kakake ameng'oa kichaka ili ajenge chumba cha kupangisha. Hata jina la mmea huo Asenath hakulijua; mamake aliuita tu "dawa yangu." Ndipo alipomkumbuka Mama Okinyi, jirani wao wa zamani, ambaye alipohamia mtaa wa Dandora aliondoka na tawi la kupanda.

Alipomfuata huko alimkuta mlangoni, na mmea umestawi ndani ya mkebe wa rangi. Asenath alifikicha jani moja, akalinusa, akaanza kulia. Mama Okinyi akamsogezea kiti, akamwacha alie.

Mkuu wake Asenath kazini, Simiyu, aliwasilisha ombi la kuyapima majani hayo, na kibali kilichukua miezi mitano. Siku ya kupima, panya waliopewa maji matupu walibaki wamevimba. Wale waliopewa majani uvimbe wao ulipungua karibu nusu, ingawa dawa ya hospitali iliupunguza zaidi. Simiyu alimkumbusha kwamba panya si watu na kwamba lazima warudie. Kisha akavua miwani.

"Mama alikuwa anajua kitu," alisema.

Jumamosi Asenath alimpelekea Mama Okinyi habari hizo. Mama Okinyi akamuuliza kwamba Kezia, angekuwa hai, angesema nini.

"Angeniuliza mbona nimechelewa."

"Angeuliza," Mama Okinyi alikubali, "halafu angekupakulia chakula."

Akamkatia tawi, akalifunga kwa gazeti. Asenath alilipanda Kaloleni kando ya bomba la maji, mahali pekee palipobaki wazi. Sasa hulimwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mara nyingi hujikuta akimsimulia mamake, kwa sauti ya chini, mambo ya maabara.