Mkono wa Behewa la Tatu

Juzi nilirudi mtaani Satellite, rafiki yangu, na mpaka sasa moyo haujatulia. Nilitaka tu kuiona stesheni ya treni ya utotoni mwangu. Miaka ile ya elfu mbili na kidogo haikuwa stesheni ya kujivunia: ukingo wa udongo mwekundu, kibao kilichochubuka rangi, na harufu ya uji wa wimbi wa nyanya yangu, ambao abiria waliunywa wima huku masikio yakisikilizia honi.

Mimi nilisuuza vikombe na kumpungia mama mkono. Nyanya alisema mama ameajiriwa duka la Ngara na analala mjini Kikuyu, kwa hiyo treni yake inatupitia kila asubuhi. Jumapili je, mbona haji? Duka halifungwi. Treni ilipoanza kuondoka, nyanya alinishika ukosi wa gauni nisije nikasogea relini, akaniambia, "Mpungie mamako, asiende na huzuni." Na kweli, dirishani mwa behewa la tatu ulitoka mkono wenye kitambaa cha manjano. Siku moja kitambaa kilikuwa cha buluu, nikauliza. Nyanya akajibu kwamba kile kingine kimefuliwa. Kesho yake kikarudi cha manjano, nami nikashiba furaha kuliko uji.

Nilipofika darasa la tatu nikaambiwa mama amefariki. Tangu hapo, mtu akiniuliza namkumbuka vipi mama, huwa namwambia kwamba uso umenitoka, lakini mkono wake ninao.

Basi juzi nimesimama kwenye jukwaa jipya la saruji, mama mmoja mzee mwenye mfuko wa mitumba akanikodolea macho.

"Wewe si ndio ule msichana wa shosho wa uji? Mimi nilikuwa jirani yenu, kabla nihamie Kikuyu. Ulikuwa unanipungia sana."

"Nilikuwa nampungia mama, anti."

Akauweka mfuko chini polepole.

"Kwani shosho hakuwahi kukuambia? Mamako aliaga dunia hata hujaanza nasari. Shosho aliniomba nikupungie wiki moja tu, mpaka apate vile atakuambia. Wiki ikakuwa miaka tano. Ile mkono ilikuwa yangu, mum."

Nilishtuka hata nikakaa palepale kwenye saruji, mtu mzima na viatu vyangu vya ofisini. Nilitaka kumkasirikia nyanya, lakini nyanya naye hayupo tena. Nikakumbuka kwamba yeye mwenyewe hakupunga hata siku moja. Treni ikitokea tu, aligeukia sufuria na kukoroga uji uliokwisha kuiva. Mimi nilidhani anahofia utaungua.

"Mbona hukuacha?" nikauliza.

"Kuna siku nilichelewa, nikakosa treni. Shosho akaniambia ulikataa kula mpaka jioni. Sikukosa tena."

Udongo mwekundu haupo, sufuria haipo, na treni iliyoingia ilikuwa na madirisha yasiyofunguka. Kumbe hata kile kidogo nilichokuwa nacho cha mama hakikuwa chake. Nilimbebea mfuko hadi mlangoni, akapanda, akanyoosha mkono aupokee. Nikaushika mkono huo kwanza, mkavu, wenye mishipa, na sikutaka kuuachia mpaka honi ilipolia.