Isale juu ya Boneti

Juzi, baada ya safari ndefu kutoka Tunduma, niliona Moshi mjini gari dogo la michezo, la viti viwili. Nikalikumbuka la marehemu babu, kule Kirua Vunjo. Baba alitaka kulikata nyuma aweke bodi ya kubebea ndizi.

Shangazi alimkemea. "Kaka, utalichinja gari la baba kama mbuzi?"

"Halibebi hata mkungu, dada!"

Ua ulinuka grisi, msumeno ukaanza kulia. Shangazi akachuma jani la isale, ambalo kwetu huombewa msamaha, akalilaza juu ya boneti. Baba akashusha msumeno.

Kwa akili ya kitoto, nilidhani gari limeomba msamaha kwa uvivu wake. Sasa najua aliyeombwa ni baba, na kwetu ombi la isale halikataliwi.

Siku nilipohama kabisa, baba alinipeleka stendi kwa gari hilo, akipiga honi hata pasipo na watu.