Fyuzi ya Redio na Sikukuu ya Mangapwani

Enzi zile tunakua Malindi, mtaa wa mjini hapa kisiwani, gari haikuwa ya mtu mmoja, hata kama mmoja ndiye aliyeinunua. Ya baba yangu ilikuwa ya mtaa. Vichochoro vyetu hata punda akipita na mzigo hubidi ujibanze ukutani, kwa hivyo baba akiiegesha nje, kando ya barabara ya pwani, na kila asubuhi watoto tuliamka tukijua tuna kazi. "Sukumeni, wanangu!" Tunasukuma, kandambili zinatuponyoka, baba anatia gia ya pili, gari inakohoa mara mbili tatu, inawaka, na sisi tunabaki nyuma ndani ya moshi tukipiga vigelegele utadhani tumeozesha. Wanangu nikiwahadithia haya hucheka. Wao kikiwaka kitaa tu mbele ya usukani, wanakipiga picha, wanaituma kwenye kundi la simu, kisha wanakaa kungoja majibu ya watu ambao hata gari hawana.

Gari ile ilikuwa kongwe tangu siku iliyoteremshwa bandarini. Ndani ilinuka petroli, ngozi ya viti, na mchuzi wa pweza uliomwagika siku moja ukakataa katakata kutoka. Dirisha la nyuma lilishikiliwa na kabari ya mti. Yote hayo baba aliyastahamilia. Kilichomsumbua ni fyuzi. Hazikuwa kama hizi za leo za plastiki, unazonunua pakiti nzima za rangi rangi kama peremende. Zilikuwa vijiti vifupi vyeupe, ukubwa wa kokwa ya tende, na utepe mwembamba wa madini umepita mgongoni. Utepe ukikatika, basi. Baba akiitia mfukoni ile iliyoungua na kuzunguka nayo Darajani duka hadi duka, akiitoa na kuionesha kama mtu anayeonesha jino lake lililong'oka. Akibahatika kupata mbili tatu, huziweka katika kikopo cha poda cha mama. Kikopo hicho tukikigusa wawili tu, yeye na mimi, maana kisanduku cha fyuzi kilikuwa ndani kabisa chini ya usukani, na mkono wangu mwembamba ndio uliokuwa ukifika.

Hapo ndipo aliponifunza. "Rukia, hii imewekwa iungue yenyewe ili gari isiungue. Ikikatika usikimbilie kutia nyengine. Tafuta kwanza kilichoikata." Nami naitikia, "Haya baba," na akili yangu yote ipo kwenye kuwaringia wenzangu kwamba mimi ni fundi.

Nilikuwa na miaka kumi ilipokuja siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani ninayotaka kuisema. Redio ya nyumbani ilikuwa mbovu, ikabaki ya gari. Tulipokwisha kufuturu, baba akaniachia funguo akaenda msikitini, na watoto wa mtaa mzima tukajazana garini, milango wazi, sambusa mikononi, tunangoja kutangazwa mwezi. Mara redio ikakata. Nikaingiza mkono nikaichomoa fyuzi: imekufa. Nikafungua kikopo: kitupu. Wenzangu wakaanza, "Ah, gari yenu hii bovu!"

Weee! Gari yetu isemwe, na mimi nipo? Nilikuwa nshawaona vijana wa mtaani wanavyofanya. Unachukua karatasi ile inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, unaiviringisha juu ya fyuzi iliyoungua, unairudisha mahali pake. Pakiti tupu hazikosekani barabarani. Nikafanya vile vile, na redio ikalia. Hatujakaa vizuri, tukasikia: mwezi umeandama! Walinibeba juu juu kama bibi harusi. Baba aliporudi nikampa funguo, na furaha ile ikanisahaulisha kumwambia. Ah, kwa nini niseme uongo mtu mzima? Haikunisahaulisha. Niliogopa.

Sasa, mama yake baba, Bibi yetu, akikaa peke yake shamba, Mangapwani. Desturi ilikuwa sikukuu mosi, sala ya Idi ikisha tu, baba anamfuata na gari, naye Bibi anakuja kula pilau nasi mjini na kukaa siku zote nne za sikukuu. Mwaka mzima Bibi alikuwa akiitazamia safari ile. Simu hakuna. Ilikuwa ni kungoja tu.

Tukaondoka asubuhi, nguo mpya zinakwaruza shingo, manukato yamejaa garini. Tulipofika Bububu moshi ukaanza kufuka chini ya usukani. Kulikuwa na waya uliochubuka, huo ndio uliokuwa umeikata fyuzi jana yake, na mimi kwa kikaratasi changu nikauondoshea kizuizi. Baba akasimama, akatutoa mbio mbio, akafungua boneti na kung'oa waya wa betri kwa mikono yake. Kanzu ya Idi ikawa nyeusi mpaka viwikoni. Moshi ulipotulia aliinama, akakichungulia kile kisanduku, akakiona kikaratasi kilichobabuka. Alinitazama kidogo, akasimama, akaanza kutafuta watu wa kumsaidia.

Nyaya zilikuwa zimeyeyuka zikashikana. Mafundi wote wamo makwao wanakula sikukuu, na gari za kwenda shamba siku ile hazikuonekana. Mpaka tunaifikisha gari mjini kwa kuivuta, Alasiri imeshaadhiniwa. Pikipiki ya kuazima baba aliipata asubuhi ya sikukuu pili, akanipakia nyuma yake bila ya kunieleza kwa nini mimi.

Tulimkuta Bibi barazani kwake. Kajitanda kanga mpya, mkoba wake wa ukili upo pembeni, umefungwa.

"Jana nshakuzikeni nyote," akasema, kisha akalia.

Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi ya mosi mpaka kiza kikaingia. Kila akisikia muungurumo anasimama. Majirani walimletea pilau, akairudisha haijaguswa. Baba alipiga magoti akamshika miguu. "Niwie radhi, mama. Kosa langu mimi. Nilitia karatasi kwenye fyuzi." Na mimi nimesimama nyuma yake, navitazama viatu vyangu vipya.

Bibi hakukubali kupanda pikipiki. Alisema sikukuu yake imeshapita, atakuja mwakani, Mungu akipenda. Njiani kurudi, baba alisimama kidogo akageuka. "Siku nyengine ukiona kitu kimeungua, n'ambie. Sitokupiga." Nililia mpaka Malindi.

Mwakani ile Bibi hakuifikia. Alifariki kabla ya Shaabani, akiamini kuwa mwanawe ndiye aliyezembea. Nilikuwa na miezi mingi ya kumwambia ukweli, tukaenda kwake mara kadhaa, na kila mara nikajiambia nitasema safari ijayo. Baba naye sasa ametangulia. Kosa langu alilibeba mpaka mwisho, wala hakunikumbusha hata kwa utani.

Leo na mimi nna gari yangu, imetumika miaka Japani kabla ya kuja kwangu, kiumri imempita mwanangu wa mwisho. Natazama mafuta ya injini, maji, betri, fyuzi moja moja, ndipo tutoke. Wanangu wananicheka: "Mama, kwani tunakwenda Makka?" Juzi fundi mmoja kijana alitaka kunitilia fyuzi ya nguvu zaidi, ati isiungue tena. Nilimpigia kelele gereji nzima ikageuka. Masikini, alikuwa ananisaidia.

Watoto wa siku hizi wamepata raha ambayo sisi hatukuwa nayo. Gari ikiwaharibikia wanapiga simu, "Tumekwama, msitungoje," imekwisha, wanaendelea kutafuna chingamu. Hakuna mzee anayekaa kutwa akiwazika watu walio hai. Hilo siwaonei choyo hata kidogo, naomba lidumu.

Ila mimi kila sikukuu mosi, sala ikisha, nawasha gari nakwenda Mangapwani. Siku hizi barabara ni nzuri, nafika mapema sana. Hapana mtu anayeningoja.