Amina Si Kura

Mwanangu, iko Ijumaa moja ambayo nikiikumbuka huona haya kwanza, kisha ndipo humshukuru Mungu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, lakini ujana si umri tu. Mtu aliyepewa cheo juzi ni kijana, hata akiwa na mvi.

Nilikuwa mhadhiri katika chuo kimoja cha walimu huku kwetu Nyamira, na mkuu wa chuo alikuwa amenifanya mwenyekiti wa kamati ya kuchagua mfumo wa kufundishia kwa mtandao. Muuzaji mmoja kutoka Nairobi alinionyesha wa kwake: masomo kwa video, mtihani unaojisahihisha, rangi za kupendeza. Nikaupenda kama mtu apendavyo mchumba bila kuuliza habari za kwao.

Kikao kilianza saa tisa alasiri. Wengi wetu tulikuwa Waadventista, na kila mtu alitaka kufika nyumbani kabla jua halijatua, Sabato imkute ameshaoga. Nilieleza uzuri wa ule mfumo kwa nusu saa, nikatazama dirishani, nikasema, "Tuombe." Nikaomba: "Baba, twakushukuru kwa mfumo huu uliotuchagulia." Wote wakaitikia Amina. Nikamwambia katibu aandike kwamba tumekubaliana kwa kauli moja. Mkataba wa miaka mitatu ungetiwa sahihi Jumatatu.

Sikuwa na hila, mwanangu. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Mkutubi wetu, Mama Kerubo, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, alinifuata kwenye varanda.

"Mwenyekiti, ile ilikuwa sala au kura?"

"Mama, si nyote mliitikia?"

"Nani atainyima sala Amina? Hata ungemshukuru Mungu kwa chai isiyo na majani tungeitikia." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Usimsingizie Mungu, kijana wangu. Nyaboke alikuwa mle ndani. Umemuuliza?"

Nyaboke alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Ekerenyo. Alisoma kwetu wakati wa likizo, na ndiye aliyewawakilisha wenzake katika kamati. Nilimkuta langoni akisubiri bodaboda.

"Nilitaka kusema, Mwalimu," akaniambia akitazama chini. "Lakini mlikuwa mmeshafumba macho."

Nikamwomba aseme sasa. Kwao mtandao unashika kule juu kwenye shamba la chai tu, na mvua ikianza unapotea. Mfumo nilioupenda haukuvumilia hilo. Mtandao ukikatika, mtihani unajifunga na mtu ameanguka.

"Tuko wengi hivyo. Mimi nimebakiza muhula mmoja. Miaka minne, Mwalimu, kila likizo watoto nawaachia mama. Nimeona afadhali niache kabla ya kuaibika."

Barua ya kuacha masomo ilikuwa tayari mkobani.

Nilimsihi asiitoe hadi tukae tena. Sabato ile niliimba kwa midomo tu. Jumatatu asubuhi, kabla kalamu haijagusa karatasi, nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikakiri kosa langu. Akanipa wiki mbili.

Katika kikao cha pili niliungama mbele ya wote. Niliposema tuombe, mhadhiri wa hesabu akadakia, "Leo tufumbe jicho moja tu, jamani!" Tulicheka mpaka Mama Kerubo akafuta machozi. Nilimwomba Mungu atupe masikio, basi, nikaketi na kunyamaza. Haikuwa rahisi. Nyaboke akauliza kama hakuna mfumo ambao mtu anapakua somo na mtihani akiwa penye mtandao, anajibu nyumbani, kisha majibu yanakwenda yenyewe mtandao ukirudi. Mhadhiri wa hesabu aliujua mmoja, usio na urembo. Tukampa Nyaboke aujaribu kwao kwa siku tatu, naye aliporudi ndipo tukainua mikono.

Siku ya mtihani wa muhula ule wa mwisho wa Nyaboke, mvua ya mawe ilipiga Ekerenyo. Jioni simu yangu ikalia, naye ni Nyaboke. "Mwalimu, mtandao umekatika mara mbili, lakini majibu yameenda! Yote yameenda!" Nilikaa kwenye ngazi, nikavua koti, nikapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Basi sikia, mwanangu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Chombo cha kusomea kichaguliwe pamoja na atakayekishika, na yule wa mbali zaidi aulizwe kwanza, kabla wewe hujatoa maoni yako. Ukishasema wewe mwenye cheo, wengine watakupa heshima badala ya ukweli. Sali, tena sali sana, lakini sala yako isizibe midomo ya watu. Na ukigundua umekosea, rudi mapema. Kupotea njia ndiko kujua njia, kwa yule anayekubali kugeuka.

Mungu akupe kazi yenye manufaa, na rafiki wa kukukemea ana kwa ana. Mkono wako usitie sahihi ya kumliza mtu usiyemsikiliza. Uende salama, na popote utakapoketi na wenzako, aliye mnyonge kuliko wote aondoke akiwa amesikika.