Picha Nyeusi ya Bibi Tayyaba

Kazi yangu ni kuchora hina na piko, na mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nikimsifia mtu ujue amenitoa jasho kwanza. Rosalia Valerian ninamsifia. Lakini siku ile nyumbani kwa Mama Shaheen nusura nimkane mbele za watu, niseme simjui wala hatukai ukuta kwa ukuta Mtoni.

Rosalia anapiga picha kwa simu. Hana kamera, hana kompyuta, hana studio. Simu zetu sisi wengine ukibonyeza zinakupikia picha zenyewe: zinang'arisha uso, zinalainisha ngozi, zinakupakulia. Rosalia hataki kupikiwa. Simu yake ameiweka itunze picha vilevile ilivyoingia kwenye lenzi. Wenyewe wanaita raw, sisi pale mtaani tunaita picha mbichi. Halafu anakaa nayo mwenyewe, anaipika kwa kidole ndani ya app ya kusafishia picha, polepole. Ikiwa bado mbichi haitamaniki, imepauka kama uji uliokosa sukari, na ikipigwa gizani ni nyeusi tii. Mteja asiyejua anakunja uso. Rosalia humwambia, "Subiri, haijaiva."

Ujuzi huo aliupatia kwenye vinyago vya baba yake. Mzee Valerian ni Mmakonde, amechonga mpingo maisha yake yote, na mpingo haupigiki picha kirahisi. Simu ya kawaida inaugeuza plastiki ya kijivu au bonge la makaa. Kwenye picha mbichi, Rosalia akivuta vivuli, vidole vya watu waliochongwa vinatokea kimoja kimoja. Mzee alipoona mara ya kwanza akasema, "Gogo la mpingo nje ni jeupe, binti yangu. Asiyelijua analitia jikoni."

Ubaya wa picha hizo ni kwamba zinakula nafasi. Simu ya Rosalia kila siku imeshiba. Anafuta leo, kesho inalia tena kuwa imejaa. Nilikuwa namtania, "Wewe, hii simu ina mimba?" Yeye anacheka, anafuta tena. Laiti tungeacha kucheka tukachungulia.

Sasa, hina ya bibi harusi haiingii mwanamume. Kwa familia za Kihindi za madhehebu ya Shia ninazochorea mimi, siku hiyo wanawake wanavua mitandio, wanajipamba, wanacheza, na mlangoni kunakaa kapu la kuwekea simu za wageni. Mpiga picha lazima awe mwanamke. Hilo ni jepesi. Gumu linakuja baadaye, maana picha zikienda studio, huko kuna mwanamume anayezisafisha. Ndiyo maana nikaanza kumpeleka Rosalia. Anapiga, anasafisha palepale sebuleni mama mwenye nyumba akiwa ubavuni pake, anazihamishia kwenye flashi ya familia, halafu anafuta kila kitu mpaka pipa la takataka la simu. "Simu yangu inatoka kavu," ndiyo kauli yake. Nyumba kadhaa zimempokea kwa kauli hiyo na kwa dhamana yangu mimi.

Mama Shaheen, jina lake Shehnaz, ana duka la vitambaa na nyumba Kinondoni. Ni mama nadhifu kupita kiasi, ukiacha kikombe mezani hukikuti. Binti yake Shaheen alikuwa anaolewa na Kumail, na baada ya harusi wangeondoka kwenda Kanada. Ndani, chumba cha mwisho, alilala Bibi Tayyaba, mama yake Shehnaz, ndiye aliyemlea Shaheen wakati mama mtu yuko dukani. Figo zilikuwa zimekwisha. Hospitali walisema apumzike nyumbani, na kila mtu mle ndani alijua maana ya kupumzika nyumbani, ila hakuna aliyelitamka.

Tangu mwili uanze kumwisha, Bibi Tayyaba alikataa picha. Alisema hataki kukumbukwa akiwa mifupa. Shaheen alimbembeleza wiki nzima. Siku ya hina, alasiri, bibi akakubali.

"Moja tu," akasema. "Na mapazia yasifunguliwe. Mwanga unaniumiza."

Tukaingia. Rosalia akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Fanya haraka, nisije nikabadili nia."

Shaheen akakaa chini kando ya kitanda. Hina yangu ilikuwa bado mbichi mikononi mwake, kwa hiyo akaiinua juu viganja wazi isije ikachafuka. Bibi akaweka mkono kichwani pake na kuanza dua. Mama Shaheen alikuwa nyuma kwenye kona na kikombe cha dawa. Nilimwambia asogee naye awemo.

"Mie simo," akanong'ona. "Nimechoka, sijajipamba. Mtoto apate yake." Akajibanza zaidi kwenye giza.

Rosalia akazuia pumzi, akabonyeza mara moja. Nikachungulia kioo cha simu. Nyeusi. Giza tupu. Rosalia akanitazama kwa jicho la kunyamaza. Nikanyamaza. Bibi akanywa dawa yake, akalala.

Sebuleni watu waliendelea kucheza mpaka wageni wakaanza kuaga. Ikabaki kazi ya kuchagua. Nyumba zile huwezi kuondoka bila kula, na Mama Shaheen alikuwa ameshapakua biriani. Rosalia akamkabidhi simu. "Mama, anza kuchagua. Zisizofaa futa, na kwenye pipa pia. Ukimaliza nitasafisha zilizobaki." Ndivyo alivyozoea kufanya, na hakuwahi kupata hasara.

Wapo watu wa kukabidhiwa kazi ya kufuta, na yupo Mama Shaheen. Yule akishika ufagio anafagia hadi mlango wa jirani. Alikuwa akifuta kwa kidole gumba, akijisemea, "Hii imetikisika. Hii mtu kafumba macho. Hii nyeusi, mlipiga mfukoni?" Mimi nilikuwa nakwangua mfupa, Rosalia amekwenda kunawa. Sikuinua hata kichwa. Aliporudi, mama akampa simu akiwa ameridhika kabisa. Pipa kashalimwaga.

Hapo ndipo Shaheen akaja, mikono bado ameinyanyua. "Dada Rosalia, nioneshe ile ya bibi."

Rosalia akatafuta. Akapandisha juu, akashusha chini, akafungua pipa. Rangi ya uso ikambadilika, nami nikajua kabla hajasema.

"Mama Shaheen," akauliza taratibu, "kulikuwa na moja nyeusi."

"Nimeifuta. Ilikuwa giza tu, hamna kitu."

"Ndiyo hiyo."

Shaheen hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, hina ikagusa gauni lake na wala hakuiangalia. Mama yake akasimama. "Basi tuingie tupige nyingine. Haraka."

"Amelala, mama. Alisema moja," Shaheen akasema, na sauti ikaanza kumkatika. "Nimpige akiwa amelala, macho amefumba? Hiyo itakuwa picha ya maiti. Siitaki!"

Mama Shaheen akamgeukia Rosalia. "We ndo fundi. Kwa nini upige picha nyeusi? Kwa nini hukuniambia?" Mwanamke anayejua kosa ni lake hupaza sauti kuliko mwenye haki, nami sikumlaumu. Roho ilikuwa inamuuma.

Rosalia akaomba dakika moja, akatoka na simu ukumbini. Nikamfuata. Alikuwa anafungua ile app yake ya kusafishia picha, aliyoanza kuitumia tangu Idi iliyopita, basi tu, mfamaji haachi kutapatapa. Akaingia pembe ya ndani ya app ambayo hajawahi kuifungua. Picha nyeusi ilikuwemo.

Nilitaka kupiga kigelegele. Akanishika mdomo. "Mwanaasha, angalia."

Akapandisha kidole. Picha zote za leo zilikuwemo, na zile zilizofutwa. Akapandisha tena. Harusi ya Upanga, wanawake vichwa wazi. Akapandisha tena, hina ya yule binti wa Kariakoo. App ile, kumbe, kila anapopiga picha inajichukulia nakala yake na kuificha tumboni. Anafuta huku, kule zimekaa. Nyumba zote zile alizoapa kuwa simu inatoka kavu, alikuwa anatoka na wake za watu na binti za watu mfukoni, anarudi nao Mtoni. Ndiyo mimba niliyokuwa naitania.

"Sikiliza," nikamwambia. "Zifute zote sasa hivi, ibaki hiyo moja. Ingia useme umeivuta kwa ufundi. Nani atajua?"

"Mie nitajua."

"Rosalia, usijifanye mtakatifu hapa! Ukisema iko, watauliza ilikuwa wapi. Ukisema ilipokuwa, umekwisha. Na mie nimekwisha nawe, maana ndo nilokuleta!"

Akanitazama, machozi yamemlenga. "Wamenivulia mitandio, da Mwanaasha. Kwa neno langu. Nikidanganya leo, hata hii picha itakuwa ya wizi."

Akaingia. Mimi nikabaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine tayari kwa safari. Hapo ndipo nilipotaka kumkana.

"Picha ipo," akasema. Shaheen akainua uso. "Lakini, mama, zote zipo. App yangu inaweka nakala, na mie nilikuwa sijui. Hata za nyumba nyingine zipo. Nilikuambia simu yangu inatoka kavu. Haikuwa kweli."

Mama Shaheen akanyoosha mkono, akaichukua simu. Alipandisha kidole chake muda mrefu. Nilimuona akisimama kwenye sura za watu anaowajua, shemeji zake, wateja wake wa dukani. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Hawa wote," akasema kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko kelele. "Umelala nao hawa kitanda kimoja, na nduguzo wa kiume wako chumba cha pili. Simu ikiibwa je?"

Shaheen akaingilia, "Mama, kwanza bibi. Tafadhali."

Wakakaa, Rosalia katikati. Akaifungua ile nyeusi. Akaweka kidole, akavuta vivuli kidogo. Kikatokea kipande cha shuka. Akavuta tena, zikaja chenga kama za televisheni mbovu, akazipunguza. Ukatokea mkono wa bibi, mwembamba, juu ya nywele za Shaheen. Vikatokea viganja viwili vilivyoinuliwa na maua yangu ya hina. Halafu uso. Bibi Tayyaba hakuwa mifupa. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama mjukuu wake, na midomo iko katikati ya dua. Shaheen akaanza kulia kwa sauti, bila aibu, nami nikajikuta nimeingia ndani miguu yote miwili.

"Subiri," Rosalia akasema. "Nyuma kuna kitu."

Akavuta kivuli cha kona. Akatokea Mama Shaheen. Kikombe cha dawa kifuani, mtandio umeteleza, uso umelowa machozi tele. Alidhani giza limemficha. Bibi, binti na mjukuu, wote watatu ndani ya picha moja, na yeye ndiye aliyeifuta kwa kidole chake.

Aliinama, akaegemeza paji la uso kwenye bega la Rosalia, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa tayari kumfukuza, akalia mpaka mtoto wake akaanza kumbembeleza.

Walipotulia, picha zikahamishwa kwenye flashi, ile ya bibi zote mbili, mbichi na iliyoiva. Kisha Rosalia akamrudishia Mama Shaheen simu, akamwonesha tumbo la app lilipo, amwachie afute mwenyewe. Mama Shaheen akafuta zote, za kwake na za wenzake. Alipofika kwenye ile nyeusi, kidole kikagoma.

"Hii nishaifuta mara moja leo," akasema. "Futa wewe."

Rosalia akaifuta. Mama Shaheen akasimama, akawa mkavu tena. "Kesho nenda nyumba zote hizo, ukawaambie kama ulivyoniambia. Wasisikie kwangu."

Tulikwenda. Mimi nilikwenda nikinung'unika, lakini nilikwenda. Nyumba moja walitushukuru, nyingine walitufungia mlango tukiwa bado tunatoa salamu, na mpaka leo hawaniiti kwa hina. Rosalia alirudi kupiga picha vinyago vya baba yake na paspoti za watoto wa shule. Simu yake sasa ina nafasi tele na kazi hakuna. Nilimkasirikia, sitaficha. Ukweli haununui unga.

Bibi Tayyaba alifariki Shaheen akiwa ameshafika Kanada. Tulikwenda kwenye msiba, Rosalia na mimi, tumejitanda vizuri, nikiwa na wasiwasi tutapokewaje. Kapu la simu lilikuwa palepale mlangoni. Rosalia akaitoa simu yake, akaiweka kapuni juu ya zingine, akavua viatu.

Mama Shaheen akatoka ndani. Macho yamevimba, mkononi ana ile flashi. Akainama kwenye kapu, akaichambua simu ya Rosalia kati ya simu zote zile, akamwekea kiganjani.

"Yako ingia nayo," akasema. "Nataka kujifunza kumtoa mama gizani mwenyewe."